Kukatika na Kufumuka

Bigwa, Morogoro
7 Aprili 2025

Mama Zuhura,

Shikamoo. Huku tu wazima, isipokuwa mvua inatutesa. Tangu Idd ipite hatujauona mlima, umejifunika mawingu kama mgonjwa wa homa. Nimeamua kukuandikia kwa sababu juzi nilipokupigia simu nilikuuliza habari za mguu wako, wewe ukanijibu habari za mbuzi wa jirani. Najua masikio yamechoka, Mama, wala si kosa lako. Macho yako bado ni ya fundi cherehani, basi yasome haya.

Siku ya Idd uliniuliza kazi yangu pale chuoni hasa ni nini. Nikakujibu, "Utafiti," ukaguna. Mguno ule nimerudi nao hadi Bigwa. Umenilea tangu Mama alipofariki, una haki ya jibu refu kuliko hilo.

Najua huko Kisaki neno DNA likitajwa watu wanafikiria ugomvi wa nani baba wa mtoto. Lakini DNA yenyewe ni uzi. Ndani ya mwili wako, kila mahali, zimo nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba, na katikati zimeshikana kwa vishikizo vidogo vidogo visivyohesabika. Mwili ukitaka kuponya kidonda au kumkuza mtoto, lazima kwanza uzitenganishe zile mbili ili kila moja inakiliwe. Mimi napima ni nguvu kiasi gani inayozitenganisha. Zipo dawa zinazoponya kwa kuwazuia wadudu wa maradhi wasiweze kuzitenganisha za kwao, kwa hiyo anayeijua ile nguvu anaweza siku moja kusaidia kutengeneza dawa bora.

Ncha moja ya uzi naigandisha kwenye kioo, nyingine naigandisha kwenye punje ya sumaku ambayo jicho haliioni. Halafu nashusha sumaku kubwa juu yake. Punje inavutwa, uzi unanyooka, nami natazama kwa hadubini. Nguvu yenyewe ni hivi: chukua punje moja ya mchele, igawe vipande milioni kumi. Uzito wa kipande kimoja ndio ninaohangaika nao.

Mashine tumeiunda wenyewe, mimi na msimamizi wangu, Daktari Joyce, ambaye hataki kuitwa daktari, anataka tumwite dada. Na hizo nyuzi nimekaa nazo mpaka nimeanza kuziita "hawa wawili", kama watu. Sasa sikia shida yangu.

*(ukurasa wa pili)*

Hawa wawili hawadumu, Mama. Wakiwa wametulia wameshikana vizuri, huwezi kudhani kuna tatizo. Ikitokea vuta nikuvute kidogo tu, wanaachana, tena mapema kuliko inavyotakiwa. Nimepunguza chumvi, nimeongeza chumvi, nimebadilisha maji, nimeshusha joto, wapi! Dada Joyce anasema huenda kosa ni langu. Amenipa hadi mwisho wa Juni. Nikishindwa, nafasi yangu anapewa mwingine, msichana mmoja wa Iringa ambaye ameshaanza kuja kuchungulia.

Luqmani sijamwambia. Akiniuliza habari za siku namwambia nzuri. Nimekuambia wewe tu, usimwambie mtu.

Mwanao,
Mwanvita

---

Kisaki
18 Aprili 2025

Kaka Pazi, hapo Mkuyuni,

Shikamoo kaka. Barua hii anakuletea kondakta wa basi, mpe japo maji ya kunywa, barabara yetu imemtoa jasho.

Kuna jambo. Mwanvita ameniandikia. Basi lilikwama kwenye maji siku mbili, ukurasa wa kwanza umefika ukiwa uji, sikuambulia hata herufi. Lakini ukurasa wa kwanza wa barua siku zote ni salamu. Wa pili umefika mkavu, na ndio wenye mambo.

Kaka, ndoa ya mtoto wetu inavunjika. Ameandika kwa mafumbo, maskini, anajificha nyuma ya "hawa wawili", lakini mimi si mtoto. Anasema wakitulia wanaonekana wameshikana, ugomvi mdogo tu wanaachana. Anahangaika mpaka na chumvi ya mboga: anapunguza, anaongeza. Yupo mwanamke anaitwa Joyce, anamwita dada kwa woga, na huyo Joyce amempa hadi mwisho wa Juni aondoke, nafasi yake apewe msichana wa Iringa! Nimesoma mara nne. Sijui Joyce ni wifi, ni mke mwenza au ni nani, lakini mwanamke wa kupanga nafasi katika nyumba ya watu mimi sijapata kumwona.

Na Luqmani nilimpenda yule kijana. Fundi wa mafriji, mpole, hakai vijiweni. Kumbe.

Wewe ndiye mjomba. Katika desturi yetu Waluguru jambo hili ni lako kabla halijawa la mtu mwingine. Mguu wangu ungekuwa mzima ningekuja mwenyewe. Nenda Bigwa, usiende peke yako, mchukue Mzee Abdulswamad, ana maneno ya hekima na ana kanzu nzuri. Usimtaje mtoto kwamba kaniandikia. Ameniomba nisimwambie mtu, na wewe si mtu, wewe ni mjomba.

Dada yako,
Zuhura

---

Bigwa
4 Mei 2025

Mama Zuhura,

Shikamoo, Mama. Ni mimi mkweo, Luqmani. Si kawaida yangu kuandika barua, unisamehe mwandiko.

Jumamosi iliyopita nilikuwa uani nafungua mashine ya friji la mteja, nikasikia hodi. Mjomba Pazi na Mzee Abdulswamad, wote wamevaa kanzu, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Nilifurahi. Nikawakaribisha ndani, nikapika chai. Hawakuinywa.

Mjomba akaniuliza, "Mke wako yuko wapi?"

Nikasema, "Yuko kazini, Mjomba. Jumamosi pia anakwenda."

Wakatazamana. Akaniuliza, "Joyce ni nani?"

"Ni mwalimu wake Mwanvita."

"Mwalimu," alirudia Mjomba, kama mtu aliyeambiwa kwamba simba ni aina ya mbuzi. Akamgeukia Mzee Abdulswamad. "Umesikia? Mwalimu." Kisha akaniuliza, "Na chumvi je?"

Mama, nilidhani ni mtego wa kiutu uzima. Nikajibu kwamba mboga ya jana niliipika mwenyewe na chumvi ilikaa sawa. Mzee Abdulswamad akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Mpaka anapika mwenyewe!"

Walipoanza habari za msichana wa Iringa nikaona hapa kuna lisilo sawa, nikawapandisha bodaboda wote wawili, tukaenda chuoni. Mwanvita akatoka na koti lake jeupe, nyuma yake Dada Joyce. Nafikiri pale ningewahi kusema kitu, lakini Mjomba alishaanza. Alizungumza juu ya heshima ya ndoa mlangoni mwa maabara kama nusu saa, kwa sauti. Watu wakatoka vyumba vingine kusikiliza. Alipofika kwenye "wewe Joyce, una mamlaka gani ya kugawa nafasi za wake za watu", Dada Joyce akakaa chini sakafuni. Nilidhani anazimia. Kumbe ni kicheko.

Yaliyobaki atakuandikia Mwanvita. Hatuachani, Mama. Nakuapia.

Lakini kuna neno moja la Mjomba limebaki nami. Tuliporudi nyumbani, chai imepoa, mambo yameeleweka na wote tumecheka, akaniuliza kwa upole, "Haya. Lini mmekaa mkala pamoja, wewe na mkeo?" Nikaanza kuhesabu. Nikarudi nyuma mpaka Machi, nikapita. Nikafika Februari, bado sijaipata siku yenyewe.

Sikujua kama kazi yake ina matatizo. Nilikuwa nikimuuliza, ananiambia nzuri. Nimejua siku moja na Mjomba, mlangoni, mbele za watu.

Mkweo,
Luqmani

---

Bigwa
5 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara tatu. Ya kwanza nilikuwa na hasira, ya pili nilikuwa nacheka mpaka kalamu ikachora mlima, hii ya tatu nadhani nimetulia.

Ndani ya bahasha nimekunakilia ukurasa wa kwanza wote, na safari hii nimeutia kwenye mfuko wa plastiki. Usome kabla ya hii. Utaona "hawa wawili" ni nani. Chumvi ni ya kwenye maji ninamotumbukiza nyuzi. Joto ni la maji hayohayo. Joyce hajawahi kumtaka mume wangu. Anaye wake, na anasema mmoja anamtosha kwa uchovu. Sasa hivi chuo kizima kinamwita "mke mwenza" na yeye anaitika.

Mama, sikuchekea yote. Walipoondoka wazee Luqmani alikwenda akafunga lile friji alilokuwa amelifungua, skrubu moja moja, kisha akaniuliza, "Kwa nini Mama Zuhura anajua na mimi sijui?" Nilitaka kusema sikutaka kumpa wasiwasi. Nilipolitamka neno hilo nikaliona lilivyo dogo. Alikaa siku nzima akiwa mbali nami wakati tupo chumba kimoja. Kesho yake nikamweleza kila kitu, mpaka kipimo na sumaku. Alisikiliza kama anavyosikiliza friji bovu, kichwa kimeinama upande. Tangu siku hiyo naondoka maabara saa kumi na moja, nakula nyumbani.

Kazi bado imekwama. Vitabu vinasema uzi kama wangu unapaswa kustahimili nguvu kubwa, mara nne ya hii ninayopata. Wangu unaachana mapema, kila siku, kwa nguvu ileile. Nadhani ni gundi inayoshika punje ya sumaku, inabanduka kabla uzi haujafanya lolote. Nimejaribu gundi tatu. Zimebaki wiki nane, na yule msichana wa Iringa ni mwema sana, ananiletea karanga, ndiyo inayouma zaidi.

Nisamehe kwa kukupa hofu. Na mwambie Mjomba asione haya. Profesa mmoja ameomba aje atoe tena ile hotuba.

Mwanao,
Mwanvita

---

Kisaki
20 Mei 2025

Mwanangu Mwanvita,

Marahaba. Kwanza, sioni haya hata kidogo. Ukurasa ulilowa, akili ikafanya iliyoyaweza. Kungekuwa na ukweli ungenishukuru. Na kwa jinsi ninavyosoma barua ya mumeo, ukweli ulikuwepo kidogo, ila ulikuwa umekaa kiti kingine. Umefanya vizuri kumweleza. Mwanaume akificha mambo tunaita kiburi, sisi tukificha tunaita huruma.

Sasa kazi yako. Ukurasa wa kwanza nimeusoma, nikauweka kando nikashona sare tatu za shule, nikausoma tena. Mimi elimu yangu ni darasa la saba na cherehani, kwa hiyo ukicheka cheka, lakini jibu.

Umeandika kwamba hao wawili "wanaachana". Umeliandika neno hilo katika barua zote mbili. Mimi kwenye kazi yangu hakuna kuachana. Kuna kukatika na kuna kufumuka, na ni mambo mawili.

Nikichukua mshono nikauvuta kwa urefu wake, mkono huu mwanzo wa mshono na mkono huu mwisho, unakaza. Nitavuta mpaka mishipa ya shingo itoke. Ukikubali, unakatika pwaa, mara moja, na nguo inaharibika. Lakini nikishika vile vitambaa viwili upande mmoja wa mshono, hiki nikakivuta huku na hiki huku, hapo hata mtoto wa chekechea anaweza. Unafumuka, tundu baada ya tundu, mpaka mwisho. Ni nguo ileile na uzi uleule. Tofauti ni pale unapoishikia.

Na kufumuka nako hakuendi sawa. Pale niliposhona mara mbili inasita, halafu inaendelea. Nikifumba macho naweza kukuambia kwa vidole tu fundi alishona vipi.

Basi niambie. Hao wako wanakatika au wanafumuka? Na wewe unawashikia wapi? Joyce alisema huenda kosa ni lako. Joyce simjui, lakini mwanamke anayeweza kukaa sakafuni akacheka ana akili.

Mguu unaendelea vizuri. Mvua imepungua, treni zinapita kwa saa zake.

Mama yako,
Zuhura

---

Bigwa
3 Juni 2025

Mama! Mama Zuhura!

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Barua yako imefika Alhamisi. Nilianza kuisoma nikitabasamu, nikafika pale pa kukatika na kufumuka, tabasamu likaisha. Nilikuwa sijawahi kutazama. Miezi mitatu, Mama! Mashine inarekodi kila sekunde, lakini mimi nilikuwa nasoma namba moja tu, ya nguvu pale punje inapotoka. Jinsi inavyotoka sikuangalia, kwa sababu nilishaamua ni gundi, na gundi ikibanduka hakuna cha kuangalia.

Nikafungua rekodi ya Machi. Nikairudisha nyuma, nikaiendesha polepole.

Punje hairuki. Inapanda. Inapanda ngazi kwa ngazi, inasita, inapanda, inasita pengine sekunde mbili, inapanda, halafu ndipo inajiondokea. Nikafungua nyingine, ikapanda na kusita palepale. Nyingine, palepale. Nikalinganisha na ramani ya uzi wetu. Inasita pale ambapo vishikizo ni vya aina iliyo ngumu zaidi. Pale paliposhonwa mara mbili, Mama.

Zinafumuka.

Nikampelekea Dada Joyce. Akatazama, akaniuliza swali lako, neno kwa neno, na hakuwa ameisoma barua: "Unazishikia wapi?" Nikasema huku na huku, mwanzo na mwisho. Akasema, "Una hakika?"

Tulikuwa tumeandaa vichupa viwili. Kimoja nyuzi zake zina vishikio ncha hii na ncha ile, kwa kazi ya kuvuta kwa urefu. Kingine vishikio vyote viwili viko upande mmoja, kwa kazi ya kufumua ambayo ningeianza mwaka huu mwishoni. Februari friji la maabara liliharibika, vichupa vikakaa kwenye ndoo ya barafu, karatasi zake za majina zikalowa, nami nikaziandika upya. Nilikuwa nimechoka, nikaandika huku nikikisia. Hakuna mtu wa kumlaumu, ni mwandiko wangu.

Ijumaa nikachukua kile kingine. Nikavuta. Ikafika ile nguvu ya kila siku, uzi kimya. Nikaongeza mara mbili, kimya. Mara tatu. Dada Joyce ameshika bega langu, yule wa Iringa ameacha kutafuna. Nguvu ilipofika mara nne na ushei, uzi ukarefuka ghafla kama mtu anayejinyoosha asubuhi. Kama vitabu vinavyosema.

Na ile miezi mitatu niliyoililia haikupotea. Ndiyo ile kazi ya pili, imeshakamilika, rekodi mia moja na arobaini, safi. Nilikuwa naifanya bila kujua.

Nilirudi nyumbani mbio, nikamwambia Luqmani kabla sijavua viatu. Akasema, "Hilo friji la Februari si nililitengeneza mimi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi niandikwe kwenye kitabu cha utafiti wako." Kitabuni utaandikwa wewe. Yeye nimempa paja la kuku.

Siku ya kujieleza mbele ya maprofesa ni tarehe 11 Julai. Luqmani anakuja kukuchukua. Usilete sababu ya mguu.

Mwanao,
Mwanvita

---

Kisaki
24 Julai 2025

Mwanangu Mwanvita,

Marahaba. Nimefika salama. Mumeo alinishikilia njia nzima kama kapu la mayai mpaka nikamkemea. Mjomba wako alishukia Mkuyuni na bado anawaeleza watu kwamba yeye ndiye aliyeanzisha jambo lote.

Nataka nikuandikie nilichokiona, maana pale chumbani sikusikia hata neno moja, unajua. Nilitazama nyuso tu. Wewe ulisimama na kitenge nilichokushonea, ukazungumza, ukaonyesha michoro. Kisha yule profesa mwenye miwani ya minyororo akauliza kitu, nawe ukanyamaza. Luqmani alivua kofia yake akaikunja mpaka ikawa kama andazi. Mimi nikasoma dua zote ninazozijua, nikaanza upya. Halafu ukajibu. Ulijibu maneno machache, nadhani, na yule profesa akavua miwani. Akamwangalia mwenzake, mwenzake akaangalia karatasi, wote wawili wakacheka kile kicheko cha mtu aliyeshindwa na akafurahi. Hapo nikajua. Sikungoja wapige makofi, nilishaanza kulia.

Sijakuuliza aliuliza nini. Siku moja utaniambia.

Lakini kilichonirudisha Kisaki nikiwa mtu mwingine ni kule maabara, wewe ulipokuwa nje unapigwa picha. Joyce alinikalisha kwenye kiti chako. Akaweka kidole changu kwenye kile kitufe cha kushusha sumaku. Akanionyesha kwa mkono: polepole. Nikashusha. Kwenye skrini mstari ukapanda, ukasita, ukapanda. Vidole vyangu havikuhisi kitu, lakini nilikuwa nafumua, mwanangu. Nimefumua nguo miaka arobaini, siku ile nilifumua kitu ambacho watu wote wamebeba.

Ilipofika kati, Joyce akanizuia. Akageuza mkono wangu, tukapandisha sumaku juu, taratibu, nguvu ikapungua. Na ule mstari ukashuka. Ngazi kwa ngazi, ukasita palepale, ukashuka, mpaka ukafika ulipoanzia. Zimejifunga!

Nikamuuliza, "Nani amezishona tena?"

Alijua sisikii, akachukua kalamu, akaandika kwenye kiganja chake akanionyesha: *Hakuna. Zinajuana.*

Nilikaa pale mpaka ukaja kuniita. Ukadhani nimechoka.

Huku dukani kwangu nimewaeleza wanawake wanaoleta nguo. Hawaniamini. Mmoja ameniambia umri, mwingine ameniambia nimepewa kitu kwenye soda. Shule zikifungwa njoo uwaeleze mwenyewe, na uje na Luqmani. Msije mmoja mmoja. Chumba nimeshafagia, na nyama ya mbuzi wa jirani nimeshaiwekea miadi.

Mama yako,
Zuhura